Nani Atafagia?

Asishangae mtu akiona ukurasa huu, uliozoea kunena habari za sakramenti, za ndoa na za malezi ya watoto, unaanza safari hii na habari za mchezo wa kompyuta. Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, walitoa hati nzima juu ya vyombo vya upashanaji habari, wakatufundisha kwamba uvumbuzi wa akili ya mwanadamu hutokea kwa msaada wa Mungu, na kwamba waweza kuleta faida au hasara kadiri mtu autumiavyo. Vijana wetu walio na kompyuta hukaa mbele yake saa nyingi. Mchungaji asiyejua kundi lake linakula majani gani, atawezaje kulionya juu ya majani ya sumu, au kulisifia yale mazuri?

Mchezo wenyewe huitwa RimWorld. Ulibuniwa na Tynan Sylvester, nchini Kanada. Ukaanza kuwafikia wachezaji mwaka 2013, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2018. Kwa kawaida huanza na watu watatu walionusurika katika ajali ya chombo cha angani, wakajikuta katika sayari ya mbali wasipokuwa na nyumba wala shamba. Mchezaji ni kama mkuu asiyeonekana. Yampasa kuwaongoza watu hao wajenge makazi, walime, wapike, wajilinde na adui, watibiane majeraha. Lakini hawashiki mkono hatua kwa hatua. Huwagawia kazi tu, nao huzifanya kwa zamu zao.

Ugawaji huo hufanyika katika jedwali. Kila mtu ana mstari wake, na kila kazi ina safu yake: kuzima moto, kutibu, kupika, kuwinda, kujenga, kulima, kuchimba mawe, kushona, kubeba mizigo, kufagia, kufanya utafiti, na nyinginezo. Mchezaji akitaka, aweza kuandika namba tangu 1 hata 4. Kazi yenye 1 hutangulia, na yenye 4 hungoja zote ziishe. Namba zikilingana, kazi iliyo upande wa kushoto hufanywa kwanza. Nafasi ikiachwa tupu, mtu huyo hataigusa kazi hiyo kamwe. Tena kila mtu ana kipimo cha ujuzi wake, tangu 0 hata 20. Na penye kazi aipendayo moyoni pana alama ya mwali wa moto, au miali miwili. Asiye na mwali katika kazi fulani hujifunza kwa kasi ya asilimia 35 tu, mwenye mmoja kwa asilimia 100, na mwenye miwili kwa asilimia 150.

Mpaka hapa twaweza kusifu. Aliyebuni mchezo huu ameona jambo ambalo Mtume Paulo alikwisha kuwaeleza Wakorinto katika sura ya 12 ya Waraka wake wa kwanza: viungo ni vingi, kazi zao si moja, na mwili ni mmoja. Ameona pia kwamba upendo wa kazi humfundisha mtu kuliko fimbo. Mzazi anayemlazimisha mtoto awe mganga kwa sababu uganga una heshima, na huku mwali wa mtoto unawaka katika useremala, angejifunza kitu mbele ya jedwali hilo.

Sasa natazama safu ya kufagia. Iko karibu na mwisho, upande wa kulia kabisa, jirani na kubeba mizigo. Mchezaji mgeni aghalabu huwapa watu wake kazi za fahari. Huyu mjenzi, huyu mwindaji, huyu mganga, huyu mtaalamu wa utafiti. Kufagia atafagia yeyote atakayepata nafasi. Basi nafasi haipatikani, maana kazi zilizo upande wa kushoto haziishi. Baada ya siku chache jikoni kumejaa uchafu. Chakula kinawadhuru walaji, wanatapika, hawawezi kwenda shambani. Majeruhi aliyelazwa katika chumba kichafu kidonda chake kinaingia maradhi, ingawa mganga wake ni hodari. Makazi yenye silaha na kuta za mawe yanaangushwa na sakafu isiyofagiwa. Ndipo mchezaji anapotambua kwamba ile safu aliyoidharau ndiyo iliyokuwa ikishika uhai wa zile alizozitukuza. Hayo nayo Mtume aliyasema: viungo tunavyovidhania kuwa dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana.

Liko jambo jingine katika jedwali hilo lenye kumfaa Mkristu. Mara baada ya safu ya kuzima moto, mbele ya kupika na kujenga na kulima, ipo safu ya mgonjwa. Kulala kitandani na kukubali kutibiwa kumehesabiwa kuwa kazi, tena miongoni mwa zile za kwanza. Mtu ambaye nafasi yake katika safu hiyo imeachwa tupu hatakwenda kitandani kutafuta matibabu. Ni mama wangapi kati yetu wenye homa wanaosimama jikoni kwa sababu hakuna aliyewaandikia haki ya kuugua! Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 36 ya Kanuni yake aliyowaandikia wamonaki katika karne ya 6, aliwaamuru watunze wagonjwa kabla ya mambo yote, kama wanavyomtumikia Kristu mwenyewe. Na wagonjwa nao akawaonya wasiwahuzunishe wahudumu wao kwa madai yasiyo na kiasi. Kumbe kuugua nako kuna wajibu wake.

Walakini, ndugu zangu, mfano wowote una mahali unapokoma, na hapo ndipo yatupasa kukaza macho. Jedwali hili lina kasoro tatu zinazoweza kuingia moyoni mwa mtu polepole, asijue.

Kasoro ya kwanza: watu wa mchezo hawaulizwi. Mchezaji huandika namba, nao huenda. Wakichoshwa na kuhuzunishwa kupita kiasi, huvunjika moyo ghafula, mmoja akatangatanga ovyo, mwingine akavunja vyombo. Hiyo ndiyo njia yao ya kusema. Lakini mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, amepewa ulimi, na aliye juu yake amepewa masikio. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Ugawaji wa kwanza wa kazi katika Kanisa la Yerusalemu ulitokana na manung'uniko: wajane wa Wakristu wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwakemea wanung'unikaji kwamba ni wakorofi. Waliyasikiliza malalamiko, wakaukusanya umati wa wanafunzi, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, kisha wakawaombea na kuwawekea mikono. Tena watu hao saba hawakufungiwa katika safu moja. Stefano, aliyechaguliwa kuhudumia meza, akawa shahidi wa imani. Na Filipo akahubiri Injili Samaria.

Naye Mtakatifu Benedikto, ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwamba alipuuza utii, aliandika sura nzima, ya 68, juu ya ndugu aliyepewa kazi inayomzidi nguvu. Aipokee kwa upole; lakini akiona hakika uzito unampita, amweleze mkuu wake kwa saburi na kwa wakati ufaao sababu za kutoweza kwake. Na katika sura ya 3 amemwagiza abate, panapokuwa na jambo kubwa, awaite ndugu wote shaurini, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Mkuu anayesikiliza hapunguzi mamlaka yake. Anayatumia kama mtu kwa watu.

Kasoro ya pili: mchezo humpima mtu kwa faida yake. Wako wahusika ambao, kwa ajili ya maisha yao ya zamani, wameandikwa tangu mwanzo kwamba hawawezi kazi fulani. Wengine hawawezi kupigana, wengine hawawezi kuuguza. Asiye na faida kubwa huonekana mzigo, na mchezaji akitaka aweza kumfukuza makazini kwa kubonyeza kitufe. Hata hivyo mbunifu wa mchezo amejua kitu juu ya moyo wa mwanadamu, maana mtu akifukuzwa, wanaobaki huingiwa na huzuni. Jamii inayomtupa mmoja wake hujitia jeraha yenyewe.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem Exercens ya tarehe 14 Septemba 1981, miaka 90 baada ya ile Rerum Novarum ya Leo wa Kumi na Tatu, alieleza kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi inayofanywa. Yatokana na yule anayeifanya, kwa kuwa yeye ni mtu, na kazi imewekwa kwa ajili yake. Kwa hiyo mwenye kufagia kanisa na mwenye kulichora ramani hawapishani kwa hadhi hata kidogo, ijapokuwa wanapishana kwa ujuzi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama onyo kwa wavivu. Lakini fikirini: kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba si mgeni tena, amekuwa mmoja wa nyumba hii. Basi yule kijana asiyeona, yule binti asiyetembea, yule mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kubeba mabenchi, ambao kila mwaka twawaketisha kivulini na kuwaletea soda, je, tumewapa heshima au tumewaacha kuwa wageni maisha yao yote? Asiyeona aweza kuongoza wimbo. Mzee aweza kuwafundisha watoto sala. Aliye kitandani aweza kutuombea sisi tunaokimbia huku na huku, na kazi hiyo ina safu yake mbele ya Mungu. Tumpe kila mtu jembe linalomfaa mkono.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haionekani upesi. Tazameni jedwali tena, mstari kwa mstari. Yupo mjenzi, yupo mpishi, yupo mbeba mizigo. Mchezaji hayupo. Yule anayewagawia wote kazi, yeye mwenyewe hana mstari. Katika mchezo si kosa, maana hana mikono huko. Lakini sisi tunayo mikono.

Tuingie nyumbani mwetu. Katika nyumba nyingi yuko binti aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi, ambaye katika mstari wake kila safu imeandikwa 1. Kuamka kwanza ni yeye. Kulala mwisho ni yeye. Kupika, kufua, kufagia, kuteka maji na kubeba mtoto ni yeye. Jumapili wenye nyumba huenda Misani, naye hubaki kulinda mlango na kuinjika chungu. Mshahara wake hucheleweshwa, kisha huambiwa kwamba anakula bure. Nani amewahi kumwuliza anatamani kujifunza nini? Nani ameutafuta mwali wa moto katika mstari wake? Watu wa mchezo wakichoka huvunja vyombo. Binti huyu akikivunja kikombe kimoja hukatwa fedha. Kwa hiyo havunji kitu, hulia jikoni usiku. Bwana Mungu, aliyekisikia kilio cha watumwa wa Misri, hakuziba masikio baada ya hapo.

Tuingie pia parokiani. Sikukuu ya somo inakaribia, na kamati inaketi. Mwenyekiti anapatikana upesi, na katibu, na mtunza hazina, na msimamizi wa mapokezi ya wageni. Kisha panatajwa kuni, maji, masufuria na kufagia uwanja. Hapo wajumbe wote hutazama upande wa akina mama, kana kwamba Mungu ameiandika hiyo namba 1 kwa mkono wake. Katika mchezo wako wahusika walioandikwa kwamba hawawezi kazi duni za mikono. Hawabebi, hawafagii, na hakuna awezaye kuwabadilisha. Huku kwetu hakuna mtu aliyezaliwa na alama hiyo. Tumejichora wenyewe, kwa wino wa elimu yetu, wa fedha yetu, wa jinsia yetu, na, niseme kweli, wakati mwingine hata wa daraja takatifu tulilopewa kwa ajili ya kutumikia.

Simaanishi kwamba kila mtu afanye kila kitu kwa kipimo kimoja. Hilo nalo ni kosa, na Musa alilifanya. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, aliketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamulia watu peke yake, hata mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajichosha mwenyewe na kuwachosha watu. Achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, wachukue mzigo pamoja naye. Katekista anayefundisha, anayepiga kengele, anayeandika daftari, anayefungua na kufunga kanisa, na ambaye hawezi kumwachia kijana yeyote funguo hata siku moja, hajawa mtumishi mwema zaidi kwa hilo. Amewanyima wengine jembe. Ugawaji wa kazi ni wa lazima, na ni wa hekima. Ninachosema ni kwamba anayegawa asijifute katika orodha ya wanaotumika.

Wamonaki waliliweka jambo hili katika kanuni. Sura ya 35 ya Mtakatifu Benedikto yaagiza ndugu watumikiane jikoni kwa zamu za juma, wala asisamehewe mtu isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli ya lazima kubwa. Walio dhaifu wapewe wasaidizi, wasije wakaifanya kazi kwa huzuni. Mwisho wa juma anayemaliza zamu afue vitambaa, arudishe vyombo vikiwa safi. Kisha yeye na yule anayeingia zamu wawaoshe ndugu wote miguu. Sura ya 57 yaongeza kwamba fundi akijivunia ufundi wake na kudhani kwamba anaifadhili monasteri, aondolewe katika kazi hiyo mpaka ajinyenyekeze. Watoto wa Benedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na urithi huo wa kusali na kufanya kazi, wa altare na karakana, haukukaa vitabuni tu. Wengi waliojifunza useremala, uashi na uchapaji huko wanajua kwamba mkono uliokunjwa kwa sala waweza kushika randa bila aibu.

Lakini Benedikto hakuibuni desturi ya kuosha miguu. Aliichukua kwa Bwana. Yohane Mwinjili atueleza katika sura ya 13 kwamba Yesu, akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake, aliondoka chakulani, akavua vazi lake, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli. Kazi hiyo ilikuwa ya watumishi. Katika chumba kile palikuwa na mitume kumi na wawili, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kudhani kwamba si zamu yake. Petro alikuwa mkuu, Yohane alikuwa mpendwa, Yuda alikuwa na mfuko wa fedha. Safu ile ilibaki tupu kwa wote. Basi yeye aliyewapa wote kazi zao, mwenye ulimwengu wote mkononi, akauandika mstari wake hapo. Petro alipoona, alikataa, maana hakupata kumwona mkuu wa namna hiyo. Nasi bado twamwona Petro kuwa na haki, kwa vile tungali twaona haya kumwona baba wa nyumba ameshika ufagio.

Kwa hiyo nawapa zoezi moja, nalo halihitaji kompyuta. Jumamosi hii jioni, baada ya sala ya familia, chukueni karatasi. Andikeni majina ya wote walalao chini ya dari yenu, na binti wa kazi, na bibi aliye kitandani. Andikeni juu yake kazi zote za nyumba, hata zile ndogo. Kisha mwulizeni kila mmoja, kuanzia mdogo, ni ipi inayomlemea na ni ipi anayotamani kujifunza. Mgonjwa apewe haki yake ya kuugua, na kila aliye na nguvu hata kidogo apewe jembe lake. Binti naye apangiwe saa ya kwenda Misani, tena asiende peke yake kama aliyetoroka. Mwisho kabisa, baba na mama watafute mstari wao wenyewe, waone kama katika safu ya kufagia wameandika kitu au wameacha pengo. Viongozi wa jumuiya na wa kamati za parokia wafanye vivyo hivyo kabla ya sikukuu inayokuja. Nasi mapadre tusisubiri kuambiwa.

Kanisa lina msimamizi wa jambo hili. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili, mwaka 1955, aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alikuwa mkuu wa nyumba ambayo ndani yake aliishi Mwana wa Mungu na Mama yake aliye safi, lakini Injili haikumtaja kwa cheo. Ilimtaja kwa ufundi wa mikono. Naamini kwamba katika nyumba ile ya Nazareti hakuna aliyeuliza nani atafagia.

Mtakatifu Yosefu, mfanyakazi, atuombee.